Mwenye Hatia Hana Mate

Ndugu zangu, kabla sijawasalimu, nianze na neno moja fupi ambalo nilipaswa kulisema miaka saba iliyopita na sikulisema. Neno lenyewe ni "hapana." Wadogo zangu wawili walikuja nyumbani kwangu Sofu wakaniambia, "Kaka, wewe ndiye msomi wetu, simamia kiapo cha mkate." Nikajibu, "Sawa." Yote nitakayowaeleza leo yametoka ndani ya hiyo sawa.

Sasa niwasalimu. Wa kupokea shikamoo apokee, ingawa naona aliyenipita umri ni bibi mmoja tu pale ukutani. Shikamoo, bibi. Ninyi wengine nawatakia amani, kila mtu kwa imani yake. Mmenizoea katika kikundi hiki cha presha na sukari kama yule mzee wa nyuma mwenye chupa, anayepiga funda dogo kila baada ya maneno mawili. Leo pia mtaniona nikifanya hivyo. Nikinyamaza katikati ya sentensi msinionee huruma mkadhani nataka kulia. Ni kinywa tu.

Muuguzi wetu aliniomba niseme habari za kukauka kinywa, kwa sababu wengi wenu mnako na mnaona haya kukutaja. Nilimkatalia mara mbili. Mara ya tatu nikamwambia nitasema, lakini nitasema yote, si habari za meno peke yake. Majina sitataja. Walio hai wana haki yao, na marehemu wana haki kubwa zaidi.

Asili yetu ni Kisarawe, ukoo wa wakulima wa muhogo. Mama alifariki nikiwa na miaka sita. Aliyenilea ni dada yangu, aliyenipita miaka tisa. Mwaka ule ule niliugua surua, kinywa chote kikawa vidonda, nikashindwa kutafuna. Dada alikuwa anachukua muhogo wa kuchemsha, anautafuna yeye mpaka unalainika kabisa, kisha ananilisha kwa kidole. Mama uliyekaa hapo mbele, naona unakunja uso, lakini wazee wenzangu wanajua ninachosema. Ndivyo tulivyolishwa tulipozidiwa. Mate ya dada yangu ndiyo yaliyoniweka hai. Naomba mlishike hilo, maana nitalirudia.

Yeye shule aliiacha ili atulee. Mimi nikafika kidato cha nne, wa kwanza katika ukoo wetu. Cheti changu nilikiweka kwenye mfuko wa plastiki wenye kifungo, nikawa nakitoa kila mgeni akija. Mke wangu alikuwa ananitania, "Baba watoto, hicho cheti siku moja kitaomba kupumzika."

Baba alituachia shamba kule Kwala. Wakati huo Kwala ilikuwa pori na nyani. Karatasi ya mauziano, yenye dole gumba la baba, ilikaa kwenye sanduku la dada huko Chole, kule kule Kisarawe, alikoolewa, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wetu. Hakuna aliyeiulizia. Halafu Kwala ikapata bandari kavu, vikaja viwanda, na madalali wakaanza kututembelea na soda mkononi. Ghafla wadogo zangu wakakumbuka kwamba tuna karatasi.

Nikaenda Chole kuichukua ili nikaitolee nakala hapa Kibaha. Siku hiyo hiyo nilikuwa nakitolea nakala na cheti changu. Kwenye arusi ya binti wa ndugu yetu nikamkabidhi dada bahasha, nikamwambia, "Dada, mali yako hiyo." Niliamini kwamba ndani mna zote mbili, karatasi yenyewe na nakala. Wiki iliyofuata akanipigia simu.

"Mdogo wangu, umenirudishia kivuli tu. Chenyewe kiko wapi?"

"Dada, nimekurudishia vyote."

"Hapana. Angalia vizuri."

Sikuangalia. Mtu aliyefika kidato cha nne aambiwe aangalie vizuri na mtu aliyeishia darasa la nne? Niliwaambia wadogo zangu kwamba karatasi nimeirudisha kwa mkono wangu. Neno langu likawa zito kuliko lake. Minong'ono ikaanza kwamba dada kawapa madalali, kwamba wanawe wanataka kutuzunguka. Ndipo wale wawili walipokuja Sofu.

"Kaka, dada anajifanya hajui."

"Dada hawezi kufanya hivyo," nikasema. Nilisema hivyo, lakini nilisema kwa sauti ndogo.

"Kama hawezi, ale kiapo. Atakuwa anaogopa nini?"

Wenzetu wengine wanaposema kula kiapo, wanamaanisha kuinua mkono na kutamka maneno. Katika ukoo wetu kiapo kilikuwa kinaliwa kweli. Kipande cha mkate kinaanikwa juani siku tatu mpaka kinakuwa kama ubao. Watuhumiwa wanakaa mduara, kila mmoja anatafuna na kumeza, bila maji. Atakayeshindwa kumeza ndiye. Babu yetu alikuwa na msemo wake, nasi tuliukariri tangu utotoni: mwenye hatia hana mate.

Imamu wa msikiti wetu alisikia, akaniita pembeni baada ya swala. Akaniambia, "Mzee mwenzangu, kiapo ni kwa Mungu. Huo mkate wa dukani utajua nini?" Nikamjibu kwamba hizi ni mila za ukoo tu, hazina ubaya. Angalieni basi: imamu alinikataza, mke wangu alinikataza, na kichwa changu chenye cheti kilijua kwamba mimi mwenyewe ni mmoja wa wanaotuhumiwa. Mshitakiwa na hakimu walikuwa mtu mmoja. Hata hivyo niliuanika mkate juu ya bati kwa mikono yangu.

Walikuja siku ya Jumamosi, baada ya alasiri. Dada alikuja kutoka Chole na mwanawe mkubwa, mpwa wangu. Alikuwa amekonda. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye mkeka. Muda mfupi baadaye akauliza choo kiko upande gani, ilhali nyumba yangu anaijua. Akaenda. Akarudi. Akaenda tena. Mdogo wetu wa mwisho akanikonyeza akasema, "Anatafuta pa kutorokea." Tukacheka. Na mimi nilicheka.

Mkate ulipoletwa, dada akasema, "Kula nitakula. Sina shida na kiapo, mkono wangu ni msafi. Ila, mdogo wangu, naomba maji kwanza nilowanishe koo. Siku hizi kinywa changu kinakauka kama chungu kilichosahaulika motoni."

"Haya, tumeanza!" mdogo wetu akadakia. "Mkate haujafika mdomoni, maji yameshatakiwa!"

Watu wakaangua kicheko. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe, maji yamo tayari. Akaniangalia mimi, kwa kuwa mimi ndiye msimamizi. Nikasema, "Dada, kiapo hakina maji."

Nawaambia, ndugu zangu, nimesema maneno mengi ya kipuuzi katika maisha yangu, na mengi nimeyasahau. Hayo manne sijayasahau siku hata moja.

Wadogo zangu wakala, ukashuka. Nikala mimi, ukashuka. Niwaambie na hili ambalo siku ile sikulisema: mimi nilikuwa nimetoka kunywa chai na maandazi muda si mrefu. Kinywa changu kilikuwa kimelowana kama shamba la mpunga. Halafu zamu ya dada ikafika. Akauweka mkate mdomoni, akatafuna. Akatafuna tena. Tulisikia ule mkate unavyosagika, kwa jinsi uwanja ulivyokuwa kimya. Akainua shingo kama kuku anayekunywa, hakuna kilichoshuka. Akajaribu kwa mara nyingine, akapaliwa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na mwishowe akautema kwenye ncha ya kanga. Ulitoka unga mkavu mweupe, hata tone la mate hamna.

Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "La haula." Mimi nikasimama, nikatamka mbele ya watu wote, mbele ya mpwa wangu, "Mkate umesema."

Dada akakunja ile ncha ya kanga taratibu, akaifunga fundo na vile vipande ndani yake. Akasema, "Mwenyezi Mungu ananiona." Kisha akanitazama. "Na wewe unaniona."

Wakaondoka bila kula chakula kilichopikwa. Mpwa wangu alimshika mama yake mkono, na pale getini hakuniaga. Mke wangu akaniuliza, "Ungempa hata funda moja ungepungukiwa nini?" Nikamwambia hajui mila zetu.

Baada ya hapo ukoo ulimtenga. Hatukukaa kikao tukaamua. Watu walianza kutokwenda tu. Akifiwa na jirani yake tunasema tuko mbali, ikija arusi kwetu kadi ya Chole inasahaulika. Na karatasi, tangu siku ile, hakuna aliyeitafuta tena. Ya nini? Mkate ulikwisha kuipata.

Ikapita miaka mitatu. Nikaanza kuumwa kichwa na kizunguzungu, nikapimwa, nikaambiwa ni presha, nikapewa vidonge, kimojawapo kile ninyi wenzangu mnachokiita cha kukojoza. Kama mwezi mmoja baadaye nikaanza kuamka ulimi umegandana na kaakaa, nikiuachanisha unatoa sauti. Ugali ukawa unanikwama. Karanga, nilizokuwa nakula kama kuku, zikawa mchanga. Siku moja nilitaka kufunga bahasha ya barua, nikalamba gundi yake mara tatu, ikabaki kavu kama nilivyoikuta.

Nikamwambia nani? Hakuna. Na si kwamba nilikuwa naogopa ugonjwa. Niliogopa msemo wa babu. Mwenye hatia hana mate! Nikawa nakaa kitandani mchana nikijiuliza nimeiba nini, nimemdhulumu nani. Mnaweza mkacheka. Jibu lilikuwa limekaa Chole linanisubiri, nami nikapekua dhambi zangu zote nikaliruka hilo moja.

Nikaanza kununua peremende. Ukiwa na peremende mdomoni, mate kidogo yanakuja. Asubuhi peremende, mchana peremende, nikilala moja shavuni. Wajukuu wakaniita Babu Peremende, nami nikafurahi kwa kuwa walidhani nanunua kwa ajili yao. Ndani ya mwaka na nusu meno yakaanza kuoza pale chini kwenye ufizi, moja baada ya jingine. Ulimi ukapasuka pasuka, ukawa na utando mweupe unaochoma, pilipili kidogo tu naona nyota. Na kinywa kikanuka. Mke wangu alivumilia, lakini wajukuu hawajui kuvumilia. "Babu, ongea ukiangalia kule."

Halafu ikaja arusi ya mtoto wa mdogo wangu. Nimekaa na wazee kwenye sinia la pilau. Tonge la kwanza likagoma. Nikatafuna, nikatafuna, nikatafuta maji kwa macho, yako mbali. Yule mdogo wangu wa mwisho, ambaye mzaha ndio kazi yake, akasema kwa sauti, "Kaka, mbona humezi? Umeiba nini?"

Sinia zima likacheka. Ulikuwa utani tu, hakuna aliyenituhumu. Lakini mimi niliinuka nikasema nina swaumu. Mdogo wangu akaniambia, "Swaumu gani na wali uko mdomoni?"

Kesho yake nikafanya kosa ambalo, kama kuna mtu hapa amelifanya, namwomba akamwone muuguzi leo hii kabla hajatoka. Nilipiga hesabu yangu ya kidato cha nne: kinywa kilianza kukauka nilipoanza vidonge, basi niviache. Nikaviacha kimya kimya, nikawa navitupa chooni mke wangu asijue. Haikuchukua muda mrefu. Nilianguka nje ya duka pale mtaani kwetu, nikazinduka niko wodini, upande mmoja wa uso mzito, na daktari anauliza nilikunywa dawa mara ya mwisho lini. Mungu alinihurumia, uso ulirudi. Wengine haurudi.

Pale hospitali wakaona hali ya kinywa changu, wakanipeleka kwa daktari wa meno. Alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mjukuu wangu. Aling'oa meno matano kwa siku mbili tofauti. Kabla hajagusa hata moja, alikaa mbele yangu akauliza maswali. Nalala kinywa wazi? Navuta sigara? Natumia dawa gani? Kisha akauliza hili.

"Babu, nikikupa biskuti kavu sasa hivi, ukaitafuna bila maji, itashuka?"

Nikaangalia mlangoni. Nilihisi niko uwanjani kwangu na watu wamezunguka.

"Babu, sikutegi. Nauliza tu."

"Haitashuka," nikasema.

"Basi. Mtu asiye na mate ya kutosha hawezi kumeza kitu kikavu. Hicho ni kipimo chetu cha mwanzo kabisa, hakihitaji hata mashine."

"Hata kama hana kosa?"

Akacheka, akidhani namtania. "Kosa gani tena, babu? Kinywa kinajuaje makosa?"

Sikucheka. Nikamwuliza, "Na mtu akiwa na hofu?"

"Hofu nayo inakausha. Wewe hujawahi kuogopa? Mwenye kosa atakauka na asiye na kosa atakauka. Tena dawa nyingi zinakausha: za presha, za mafua, za usingizi. Na sukari, babu. Mtu mzima akija hapa anasema kinywa kinakauka, ana kiu haishi, anakwenda haja ndogo kila saa, huyo hatumruhusu kuondoka. Tunampima sukari siku hiyo hiyo."

Anakwenda haja ndogo kila saa. Tulisema anatafuta pa kutorokea.

Yule binti aliacha kuandika. "Babu, unaumwa?" Nikamwambia hapana. Machozi yalikuja, na huo nao ni muujiza wa ajabu: macho yalikuwa na maji mengi, na kinywa hakina.

Nilirudi nyumbani nikifikiri hivi: kama mkate haukusema kitu, basi karatasi iko wapi? Nikaanza kutafuta, miaka minne na zaidi baada ya kuambiwa niangalie vizuri. Nilipekua kabati, magodoro, vitabu. Mke wangu akaniuliza, "Cheti je?" Nikatoa ule mfuko wa plastiki wenye kifungo, nikavuta cheti. Nyuma yake, imegandana nacho kwa joto la miaka yote, kulikuwa na karatasi ya Kwala na dole gumba la baba. Kila mgeni niliyemwonyesha cheti kile alikuwa ameishika bila kujua.

Ningekwenda Chole siku ile ile, labda leo ningewapa ushuhuda mwingine. Sikwenda. Nilisema nisubiri vidonda vya meno vipone. Vikapona, nikasema nisubiri mvua ikatike, njia ya kule ni tope. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona haya. Miezi minne ikapita. Mke wangu ndiye aliyenikunjia kanzu kwenye mkoba akaniambia, "Usipokwenda kesho, nakwenda mimi."

Nikafika Kisarawe mjini, nikachukua bodaboda. Mpwa wangu alinikuta mlangoni. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Akageuka akaita ndani, "Mama, kuna mzee amekuja."

Dada alikuwa barazani upande wa nyuma, amekaa kwenye mkeka. Mguu wa kulia haukuwa na vidole viwili. Macho yalikuwa wazi lakini hayakunifuata.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nani?"

"Ni mimi, mdogo wako."

"Yupi? Wadogo zangu wote mkate ulishuka."

Nikapiga magoti, nikamwekea karatasi mkononi. Akaipapasa. "Nini hii?"

"Karatasi ya Kwala. Ilikuwa kwangu."

"Si kivuli?"

"Si kivuli. Ina dole gumba la baba."

Akaipitisha kidole polepole kutoka juu hadi chini, kana kwamba lile dole lingeweza kuhisika. "Ilikuwa wapi siku zote hizi?"

"Nyuma ya cheti changu, dada."

Akacheka. Alicheka kwa muda mrefu. "Kidato cha nne!" akasema. "Ya Rabi! Kidato cha nne!" Kicheko kikamletea kikohozi, akakohoa kama siku ile ile, akanyoosha mkono hewani. "Nipe maji."

Kulikuwa na kata kwenye mtungi. Nikampa maji, nikamshikia, akanywa. Miaka yote imepita ndipo nikampa funda moja la maji.

Akaniambia, bila ukali, kama mtu anayesimulia habari za jirani, "Unajua, Jumatatu iliyofuata kile kiapo nilikuwa niende kupimwa. Nesi wa zahanati aliniona nilivyokonda, akanisisitiza niende hospitali ya wilaya. Nilipotoka kwako nikajiuliza, niende kupimwa nini tena? Nimeshapimwa. Nikadhani kweli nina kosa nisilolijua, Mungu ananikausha. Nikakaa. Mpaka mguu ulipoanza kuoza ndipo watoto wakanibeba kwa nguvu. Walipopima, sukari ilikuwa imeshakula macho."

"Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe. Nimechoka kubeba. Ila wanangu usiniombe niwasemee. Walikuwepo. Nao wana vinywa vyao."

Nilirudi Sofu nikawaita wadogo zangu na wote waliokuwepo, uwanja ule ule, nikawaonyesha karatasi ilikotoka. Nikawaambia mwizi wa ukoo huu hakuwepo kamwe. Alikuwepo mpumbavu, na ndiye aliyeanika mkate. Wadogo zangu wakasema, "Kaka, yameshapita." Kwao yalikuwa yamepita. Karatasi nimeiacha kwa watoto wa dada, na nimewaambia madalali wakaongee na wao.

Ndugu zangu, nisiwachoshe. Nimshukuru yule binti wa meno, ambaye hadi leo hajui alichoniuliza. Nimshukuru daktari wetu wa presha: nilipomweleza ukweli, alibadilisha kidonge kimoja, na kingine akakihamishia asubuhi, na kinywa kikapata nafuu bila presha kupanda. Kumbe ilikuwa inawezekana kuuliza tu! Nimshukuru mke wangu, aliyesimama na kikombe na bado amesimama. Na ninyi wa kikundi hiki. Mama mmoja hapa, hataki nimtaje, ndiye aliyenifundisha kula mlenda, mboga ya utelezi niliyokuwa naidharau. Sasa ugali wangu haushuki bila mlenda au mchuzi wa kutosha, na sioni haya.

Peremende nimeziacha. Natafuna jojo isiyo na sukari, ukitafuna mate yanajileta. Maji napiga funda dogo dogo kutwa nzima, sisubiri kiu inikabe, na kwenye chakula chupa iko pembeni. Meno yaliyobaki napiga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, na dawa yenye floraidi, kwa sababu kinywa kisicho na mate hakina mlinzi. Ugoro na sigara viacheni, vinakausha zaidi. Kinywa kikikauka, semeni. Semeni siku hiyo hiyo, mkapimwe, na dawa msiziache wenyewe kama mimi. Na mzee wako, au mama yako, au jirani, akikuambia kinywa kinamkauka, usimtafutie dhambi. Mpe maji, kisha mpeleke hospitali.

Nilisema nitasema yote, kwa hiyo nimalizie. Dada yangu alifariki miezi sita baada ya mimi kwenda Chole. Siku ya maziko nilivua viatu niingie kaburini kumpokea, kama inavyompasa kaka. Mpwa wangu akaniwekea mkono begani. Hakupaza sauti. Akasema, "Mzee, tupishe." Wakaingia wao.

Kwa mila za kwetu, mjomba ni mtu mkubwa. Hakuna posa, hakuna jina la mtoto, hakuna jambo linalopita bila mjomba. Mimi nilikuwa mjomba mkubwa wa watoto watano. Ile sawa niliyoitamka Sofu ilinigharimu dada aliyenilisha kwa mate yake, akafa kabla ya wakati wake kwa ugonjwa uliokuwa unatibika. Na watoto wake wote watano wananiita mzee.